Kengele si ya kila hesabu

Katika tasnifu nyingi za isimu zinazopita mikononi mwetu, sura ya takwimu hufanana: wastani, mkengeuko sanifu, kisha jedwali. Nyuma ya jedwali hilo umejificha mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele. Hakuna aliyeuchagua, ulikuja na programu.

Chukua mwanafunzi anayehesabu neno "donc" la Kifaransa ndani ya mazungumzo ya Kiswahili cha Lubumbashi. Tuseme anapata wastani wa 2 kwa ukurasa na mkengeuko sanifu wa 3. Kengele ikiwekwa juu ya tarakimu hizo, inadai kwamba karibu robo ya kurasa zina "donc" pungufu ya sifuri! Huyo "donc" hasi hajasikika bado Lubumbashi.

Wengine hukimbilia Poisson, kwa kuwa ni mgawanyo wa vitu vinavyohesabiwa. Ni hatua nzuri, ila Poisson ina sharti lake: varianzi ilingane na wastani. Hapa wastani ni 2 na varianzi ni 9. Sababu ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya hesabu: neno huita neno. Msemaji mmoja akishaanza "donc" hairudii mara moja tu, na mwenzake hasemi kabisa. Mosteller na Wallace walikutana na mrundikano kama huo walipotafuta kati ya Hamilton na Madison ni nani aliyeandika makala 12 ya The Federalist yaliyobishaniwa. Katika kitabu chao cha 1964 walionyesha kwamba Poisson haikuyatosha maneno kadhaa, wakatumia binomia hasi, inayoruhusu varianzi kuzidi wastani. Ushahidi ukamwelekea Madison.

Nitajibiwa kwamba sampuli ikiwa kubwa, wastani hutulia. Kweli, lakini kurasa 60 za wasemaji 6 si mashahidi 60. Na juu ya wastani huo tunaandika bila kusita kwamba vijana wanaacha Kiswahili, kumbe pengine wasemaji wawili tu ndio waliojaza jedwali. Huko ni kusingizia kizazi kizima.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu: kabla ya kuuliza wastani, mtakeni mwanafunzi achore histogramu na aeleze kwa maneno yake neno lile hutokeaje katika mazungumzo. Na histogramu iwe ya kila msemaji, si ya kundi zima peke yake.