Mwalimu Mtarajiwa, Unajua Kuponda Msumari?

Wanachuo wenzangu, hasa tunaosoma ualimu: umewahi kufundisha ala ya muziki kwa kuichora ubaoni? Mimi nimewahi, kwenye BTP mwaka jana. Shule haikuwa na ala hata moja. Nikachora marimba ya mkononi, watoto wakainakili kwenye madaftari. Mmoja akauliza, "Mwalimu, inaliaje?" Sikuwa na jibu.

Likizo nikarudi nyumbani Sombetini na swali lake. Marimba ya Wagogo, yaani ilimba, ile aliyopiga marehemu Hukwe Zawose hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, haina kifaa cha kuagiza nje. Ni boksi la mbao na vyuma bapa, na msumari uliopondwa unatosha kabisa kutoa chuma hicho. Nikachukua msumari wa nchi nne, nikauchoma kwa fundi mageti wa jirani, nikauponda ukiwa mwekundu. Ukatoka bapa, safi. Nikaubana kwenye ubao, nikaubonyeza: ukapinda, ukabaki hivyohivyo. Fundi akacheka. "Dogo, umeupika, umelegea. Uponde ukiwa wa baridi, ndo utakaza."

Nikachukua mwingine, nikauponda wa baridi. Ukalia! Nikiuvuta nje uwe mrefu, sauti inashuka. Nikiusukuma ndani, inapanda. Sehemu inayocheza ukiifupisha hadi nusu, sauti inapanda oktavu mbili. Msumari mmoja, tayari una fizikia, hesabu na muziki.

Najua mtasema: mtaala mrefu, darasa lina watoto 80, nyundo ni hatari. Kweli kabisa. Ndo maana sisemi kila mtoto apewe nyundo. Mwalimu aponde vyuma nyumbani, watoto wavipange kwa sauti darasani, kikundi kwa kikundi.

Kinachonikera ni sisi wenyewe. Zana za kufundishia tunazisoma muhula mzima, halafu tunatafuta alama kwa chati za manila zenye rangi nzuri. Chati haimjibu mtoto aliyeuliza "inaliaje". Ombi langu kwa wakufunzi: alama zaidi ziende kwa zana inayofanya kazi, hata kama ina kutu kidogo. Na sisi tuache kuona aibu kukaa kwa fundi saa moja tukielekezwa. Kujifunza ni kujifunza tu.

Yule mtoto bado ananidai. BTP ijayo naenda na ilimba yenye vyuma vitano. Wewe mwenzangu utaenda na nini?