Sulhu Iliyochukiwa

Imekuwa ada, kila zitajwapo filamu za The Matrix barazani, mtu mmoja kuhukumu kwamba ya kwanza ni johari, ya pili ni ya kuvumilika, na ya tatu ni hasara tupu. Na wasikilizaji, hata wale ambao hiyo ya tatu hawajaitazama, huitikia kana kwamba hukumu hiyo ilikwisha kutolewa na kadhi ikapigwa muhuri.

Hukumu hiyo naipinga. Sidai kwamba hiyo ya tatu, The Matrix Revolutions, haina ila, kwani inazo, na nyingine ni kubwa; nasema lawama imetupwa pasipo mahali pake. Wenye kulaumu aghalabu hudai kwamba mwisho wake umeisaliti hadithi: Neo, aliyebashiriwa kuwakomboa wanadamu katika utumwa wa mashine, badala ya kuziangamiza alikwenda kupatana nazo, kisha akafa. Walitaraji ushindi, wakapewa sulhu, wakanuna.

Nani aliyewaahidi ushindi? Filamu ya kwanza, ya mwaka 1999, ilikoma Neo akiruka angani, na watazamaji wakatoka senema kila mmoja amekwisha jitungia vita vyake na nusura yake. Lakini katika The Matrix Reloaded, iliyotoka Mei 2003, Msanifu wa Matrix, ulimwengu wa uongo wanamofungwa wanadamu, mzee wa ndevu nyeupe aliyezungukwa na ukuta wa televisheni, alimwambia Neo waziwazi kwamba yeye ni mkombozi wa sita, kwamba Zion, mji wa wanadamu walio huru, umekwisha kuangamizwa mara tano, na kwamba utabiri wenyewe ni hila iliyotungwa ili waasi watawaliwe kwa tumaini lao. Baada ya maneno hayo, mtu aliyeendelea kungoja mkombozi atimize utabiri alikuwa akiingoja hila ile ile ya mashine, na mwandishi mwenye insafu asingaliweza kumpa.

Na tuitazame safari yenyewe katika filamu ya tatu. Neo, aliyeunguzwa macho kwa waya wa umeme akawa kipofu, anakwenda na mpenzi wake Trinity katika mji wa mashine kwa chombo kimoja. Wanapozidiwa na maadui wanapaa juu ya yale mawingu meusi ambayo, kama kiongozi wake Morpheus alivyosimulia tangu filamu ya kwanza, ni wanadamu wenyewe walioyatanda ili kuzinyima mashine nuru ya jua. Hapo Trinity analiona jua la kweli, kwa nukta chache tu, kisha chombo kinaporomoka na mauti yanamkuta. Mwanamke anafia chini ya mbingu iliyochomwa na babu zake, na bado wako watu wasemao kwamba haki ilikuwa upande mmoja tu! Neo anapofika mbele ya mfalme wa mashine haombi ufalme wala kisasi. Anaomba amani, na thamani anayoitoa ni kumwondoa adui yake Smith, aliyekwisha kuzishinda mashine zilizomwumba. Kisha, pale mvuani, baada ya ngumi zote kati yake na Smith, anaacha kupigana.

Hutolewa pia hoja ya fedha: Reloaded ilipata zaidi ya dola milioni 700, na Revolutions milioni 400 na kitu. Hoja hii inawageukia waitoao, maadamu mtu aliyebaki nyumbani hakuudhiwa na mwisho asiouona. Kama aliudhiwa, aliudhiwa na filamu ya pili, na tikiti ya tatu hakuinunua.

Taksiri za kweli ziko kwingine. Mapigano ya gatini pa Zion yanakwenda dakika baada ya dakika, risasi na vyuma, ilhali Neo na Trinity hawaonekani kabisa, na wanaokufa ni watu kama Kapteni Mifune tusiopewa wasaa wa kuwajua. Morpheus, aliyekuwa ulimi wa hadithi yote, ameketi kando ya nahodha Niobe akimtazama akiongoza chombo, hana neno la maana la kusema wala kazi ya kufanya. Kubadilika kwa sura ya bibi mtabiri sikutii katika hesabu, kwa kuwa Gloria Foster, aliyemwigiza kwanza, alifariki mwaka 2001 na Mary Alice aliishika nafasi hiyo kwa adabu. Lakini kuzipiga filamu mbili pamoja huko Sydney, kisha kuzitoa miezi sita mbalimbali, kulikuwa ni kuikata hadithi moja vipande viwili, na kipande cha pili kikaangukiwa na vita vyote.

Anayetaka kuilaumu Revolutions, basi na ailaumu kwa gati lile na kwa Morpheus aliyenyamazishwa, nami nitakaa upande wake. Lakini mwisho wa Neo na auache, kwa maana hiyo ndiyo sehemu waliyoipatia.