Maji Twahara, Meno ya Kahawia

Katika masomo ya twahara tulifundishwa kuyatazama maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Maji mengi ambayo najisi haikubadilisha hata moja kati ya hizo yanafaa kwa udhu. Kufaa kwa kunywewa na mtoto kila siku ni jambo jingine.

Wakazi wa Arumeru, chini ya Mlima Meru, wanalijua hilo. Miamba ya volkano huyatia maji yao madini ya floraidi, yasiyoonekana wala kunuka. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi nyingi za huko huupita. Mtoto anayekuzwa kwa maji hayo huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi, na yakizidi mno kwa miaka mingi, mifupa hupinda. Mama anayechemsha maji kwa bidii huua vijidudu, lakini floraidi hubaki. Mvuke unapopaa, huzidi kukolea katika maji yaliyosalia.

Njia ya zamani ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hunasa floraidi vizuri, ila Muislamu ana haki ya kuuliza mnyama yule alichinjwa vipi.

Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela mkoani Arusha, alibuni chujio ambalo mwaka 2015 lilishinda tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Maji hupita mchangani, kisha kwenye chembe zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita. Kitu kikisagwa mno, uzito ni ule ule lakini nyuso za kunasia uchafu huongezeka maradufu kwa maradufu.

Nyuso hizo nazo hujaa, na chujio lililojaa hutoa maji yale yale maangavu. Basi muuzaji aulizwe: linaondoa nini hasa, na kiini chake hubadilishwa baada ya lita ngapi?

Nasi tunaochangia visima vya sadaka jaria huko, gharama ya kupima floraidi iingie katika bajeti kabla ya pampu, na kabla ya bango lenye jina la mfadhili.