Maillu Tusimhukumu kwa Tetesi

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Lakini yupo mcheza kwao ambaye nusu ya watazamaji humtunza na nusu humzomea. Huyo ni David Maillu, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1939 huko Kilungu, Makueni.

Muhula mmoja niliwauliza wanafunzi wangu, wengi wao wazaliwa wa Kitui na Makueni, wanajua nini kumhusu. Karibu wote walilijua jina. Baadhi walimwita fahari ya Ukambani, wengine wakamwita mwandishi wa matusi. Nilipouliza ni nani aliyesoma hata kitabu chake kimoja, mikono miwili tu iliinuliwa. Waama, tulikuwa tukibishana juu ya tetesi.

Maillu alianzisha kampuni ya Comb Books mjini Nairobi mwaka 1972. Mwaka 1973 zilitoka My Dear Bottle na Unfit for Human Consumption, kisha After 4.30 mwaka 1974. Vilikuwa vitabu vidogo vya bei nafuu kuhusu ulevi, uasherati na wakubwa wa ofisi, navyo vilinunuliwa kama njugu. Wahakiki wengi wa vyuoni waliviona takataka. Katikati ya miaka ya 1970, Tanzania ilivipiga marufuku.

Wapinzani wake wana hoja. Mwili wa mwanamke umeanikwa mno katika kurasa hizo, na mzazi anayekataa zisomwe na mwanawe wa miaka 12 hastahili kuchekwa. Watetezi nao wana yao. Katika After 4.30, sauti inayosikika sana ni ya mwanamke anayemshtaki mkubwa wa ofisi anayemtaka kimapenzi. Isitoshe, aliyelelewa Ukambani anajua kuwa nyimbo za ngoma zilimkosoa mkosaji hadharani bila kumumunya maneno. Yamkini Maillu aliuhamishia mjini ufundi alioukuta nyumbani.

Sisi walimu wa lugha tuna kesi yetu dhidi yake. Katika Without Kiinua Mgongo (1989) na Anayekukeep (1990), alichanganya Kiswahili na Kiingereza waziwazi, kuanzia jalada. Simshauri mwanafunzi aandike insha ya mtihani kwa mseto huo. Hata hivyo, vitabu hivyo ni ushahidi wa usemi uliosikika katika matatu na ofisi zetu. Mwanaisimu anayeziba masikio kwa kuwa hakupendezwa na anachokisikia ameiacha kazi yake.

Msiba wangu si kwamba Maillu anapingwa. Mwandishi asiyepingwa huenda hana la kusema. Msiba ni kuwa mwanafunzi wa Makueni anaweza kukuchambulia Shakespeare tendo kwa tendo, ilhali mtu wa Kilungu anamjua kwa uvumi tu. Mwanafunzi huyo atajifunza kwamba fasihi huzaliwa mbali, na kwamba watu wa kwao ni wa kusifiwa au kulaaniwa, si wa kusomwa.

Nawasihi walimu wa shule za sekondari wa Kitui na Makueni waanze na For Mbatha and Rabeka ya mwaka 1980, riwaya ya mwalimu wa kijijini na mchumba wake anayevutwa na anasa za mji. Hakuna mzazi atakayefadhaika. Vile vya miaka ya 1970 tuwaachie wanafunzi wa vyuo vikuu, wavisome kwa makini na kuvihakiki bila huruma. Na maktaba za kaunti hizi mbili zivitafute vitabu hivyo kabla nakala za mwisho hazijaliwa na mchwa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo sidai Maillu asifiwe. Lakini anayesema tembo la mgema ni chungu, sharti kwanza awe amelionja.