Risasi Hamsini, Mistari Hamsini

Wasee, jana nilipandisha video ya baba mdogo akishindilia risasi zake mwenyewe, komenti zikanilipukia. "Hicho ni kiwanda cha majambazi." "Futa kabla hujashikwa." Mwingine akauliza, "Mtu wa Kondele na risasi, wapi na wapi?"

Sifuti. Leo najibu.

Kwanza tuelewane. Baba mdogo anaishi Texas, na kule mtu anaruhusiwa kufanya kazi hiyo nyumbani kwake. Hapa Kenya tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kwa hivyo omera, usiende Kibuye kuulizia baruti halafu useme ni mimi nilikutuma.

Sasa twende kazi. Risasi ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ukishafyatua, ganda linabaki. Baba mdogo analiokota, analisafisha, analirudisha kwenye umbo lake, anatia fataki mpya, anapima baruti, anabana kichwa kipya. Wazee wa gobori nao walishindilia kwa mkono. Tofauti ni mizani. Ya kwake inapima uzito mdogo kuliko punje moja ya mchele wa Ahero.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Risasi ya kiwandani inatengenezwa iingie kwenye bunduki ya kila mtu. Ya kwake inatengenezewa mtutu mmoja tu. Ukilenga karibu, huenda usione tofauti. Ukilenga karatasi iliyo mita 900 mbele, risasi iliyotoka na mwendo mdogo kidogo inatua chini ya wenzake, na mashindano yameisha.

Na tusidanganyane, mizani haimfundishi mtu kutuliza pumzi. Kule Bisley, Uingereza, kwenye mashindano makubwa ya kila mwaka, kuna kitengo ambacho walengaji wote wanagawiwa risasi za aina moja, ili mkono na jicho ndivyo viamue. Hilo nalikubali.

Lakini kilichonigusa mimi kwenye ile video si mizani. Ni daftari.

Baba mdogo ana daftari. Ganda hili limefyatuliwa mara ngapi. Lina baruti kiasi gani. Upepo ulikuwaje siku hiyo. Kichwa kilitua wapi. Akipiga risasi hamsini, anaandika mistari hamsini. Hata ile iliyokosa karatasi kabisa anaiandika, tena hiyo ndiyo anaiandika kwanza, maana bila kujua kosa lilitoka wapi kesho atalirudia. Na huyo ni mtu anayetoboa karatasi tu, jamani. Hakuna anayemdai hesabu. Anajidai mwenyewe.

Mimi risasi yangu ya kwanza sikuiona kwenye video. Januari 2008 nilikuwa mtoto mdogo hapa Kondele. Ghasia zikitulia, tulikuwa tunatoka kuokota maganda barabarani, tukiyapuliza kama filimbi. Nilileta moja nyumbani nikidhani nimepata dhahabu. Mama akaninyang'anya, akalitupa chooni, akanitandika juu yake. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuja kutuuliza, watoto, hayo maganda mmeyaokota wapi? Yako mangapi?

Mwaka huo huo Tume ya Waki ikaandika kwamba katika nchi nzima watu 1,133 waliuawa baada ya uchaguzi ule, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Mia nne na tano! Kila moja ya risasi hizo ilitoka kwenye ganda, kila ganda lilitoka kwenye bunduki, na kila bunduki ilikuwa mikononi mwa mtu. Daftari liko wapi?

Msiniambie hakuna sheria. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inasema afisa akitumia bunduki lazima amripoti mkubwa wake mara moja, na mtu akifa au akiumia vibaya, mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, lazima ijulishwe. Iko kwenye karatasi, tena kwa lugha nyepesi. Kinachokosekana ni watu wa kudai mistari yao.

Ndiyo maana komenti zenu zimeniuma. Mnamwogopa mzee mwenye miwani anayepima baruti kama dawa ya mtoto, halafu ile risasi isiyo na jina, isiyo na mstari, tumeizoea kama mvua ya saa kumi. Mtu akipigwa, tunachangisha, tunazika, tunasubiri uchaguzi mwingine.

Mimi nasema hivi: serikali isitudai uangalifu ambao yenyewe haina. Kama mtu wa kulenga shabaha anaweza kuandika risasi iliyokosa karatasi, basi aliyepewa bunduki kwa kodi yangu anaweza kuandika risasi iliyoingia kwenye mtaa wa watu. Risasi ngapi zilitoka ghalani, ngapi zilirudi, zile nyingine zilitua wapi. Hiyo si siasa, ni hesabu ya darasa la tatu.

Video inabaki pale pale. Anayetaka niifute aniambie kwanza lile ganda mama alilolitupa chooni liliandikwa kwenye daftari la nani, mstari wa ngapi.