Mwalimu wa Kiingereza Kambini Naye Afundishwe Kufundisha

Katika vikosi vyetu hakuna kamanda atakayemkabidhi koplo kundi la makuruta awafundishe bunduki kwa sababu tu koplo huyo ni mpiga shabaha hodari. Atataka kujua kwanza kama amepitia kozi ya wakufunzi, kama anajua kupanga somo, na kama anaweza kumtambua kuruta aliyeelewa na yule anayeitikia tu kwa woga. Lakini linapofika somo la Kiingereza desturi hiyo njema hutupwa kando. Hutafutwa askari aliyekaa shuleni miaka mingi kuliko wenzake, hupewa chaki, hupewa chumba chenye watu 40, akaambiwa aanze. Ajuaye kuisema lugha hudhaniwa kuwa ajua na kuifundisha. Sisi twaiona dhana hiyo kuwa ya hatari, na hatari yake haionekani darasani. Huonekana baadaye, katika maelezo ya polisi yanayofikishwa mbele ya hakimu, na katika redio ya mawasiliano wakati risasi zinalia.

Tuanze na polisi. Nchini Uganda Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kwanza, na Kiswahili kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya mwaka 2005. Mara nyingi shahidi hueleza aliyoyaona kwa Kiswahili, Kiluganda au lugha nyingine ya nyumbani, na maelezo yake hufika mahakamani kwa Kiingereza. Kati ya mdomo wa shahidi na karatasi ya hakimu yuko konstebo mmoja na kalamu yake. Shahidi asema: "Yeye alikimbia." Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika neno hilo, lakini Kiingereza chabagua, na konstebo asiyefunzwa huandika "he" hapa na "she" mistari miwili baadaye, hali mtuhumiwa ni mmoja. Wakili wa utetezi akiyaona hayo hahitaji silaha nyingine.

Shahidi asema tukio lilitokea saa mbili usiku. Kwa hesabu yetu ni saa mbili tangu jua kutua. Kwa hesabu ya Kiingereza ni saa 8. Konstebo akiandika 2, amelisogeza kosa la jinai mbele kwa muda wa saa sita, na mtu aliyekuwa kilabuni mbele ya mashahidi kumi wakati wa tukio huonekana hana pa kujitetea, kwa kuwa saa nane ya usiku alikuwa amelala peke yake. Shahidi asema alipigwa panga mkononi. Mkono wetu waanzia begani hadi ncha za vidole, bali Waingereza wameukata vipande viwili na kila kipande kina jina lake. Fomu ya daktari ikitaja kipande kimoja na maelezo ya polisi yakitaja kingine, shaka imekwisha kuingia kesini. Na "ndugu" je? Aliyezaliwa tumbo moja nawe, mtoto wa baba mkubwa, mtu wa ukoo, au mwenzako wa kazi?

Mitego hii yote haitoki katika Kiingereza peke yake. Hutoka mahali lugha mbili zinapokutana, na anayeweza kuiona ni mwalimu anayezijua zote mbili. Hapa yafaa tukumbuke jambo lililofanyika katika ardhi ya Uganda yenyewe. Mnamo Januari 1961, wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza. Fikra zilizotawala mkutano ule zilienea mbali: kwamba Kiingereza hufundishwa vema kwa Kiingereza kitupu, kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa nacho, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana Kiingereza kitashuka. Mwaka 1992 Robert Phillipson, katika kitabu chake kiitwacho Linguistic Imperialism, alizikusanya fikra hizo kuwa tano na kuziita zote potofu.

Hatusemi kila lililonenwa Makerere lilikuwa baya. Mwanafunzi asiyekisikia Kiingereza darasani hatakisikia popote kambini, ambako amri, mzaha na matusi vyote ni vya Kiswahili. Lakini mwalimu anayemwadhibu konstebo kwa kutamka neno la Kiswahili darasani amekivunja chombo cha kazi yake mwenyewe. Dakika tano za kuzilinganisha saa zetu na saa zao, kwa Kiswahili kilicho wazi, zina faida kuliko juma zima la kunakili vitenzi kutoka ubaoni.

Upande wa jeshi hatari ni nyingine. Askari wa Uganda walifika Mogadishu mwezi Machi 2007, na wenzao wa Burundi wakawafuata Desemba mwaka ule ule, wakitoka katika nchi ya Kirundi na Kifaransa. Baadaye waliongezeka wa Djibuti, Kenya, Sierra Leone na Ethiopia. Katika misheni ya namna hiyo Kiingereza cha redioni si pambo la msomi. Namba 15 na namba 50 kwa Kiingereza hufanana mno sikioni, na ndiyo maana mawasiliano ya kijeshi hutamka tarakimu moja moja: moja tano, tano sifuri. Tena wengi wetu, kwa kulelewa katika lugha zisizozitenga sana sauti za l na r, tunaponena "right" husikika "light". Mtu anayeelekeza mizinga hawezi kuachiwa tabia hiyo iendelee ati kwa kuwa aliyemfundisha alikuwa mpole.

Wenzetu wa usafiri wa anga walijifunza haya kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa ziligongana katika uwanja wa Tenerife, visiwa vya Canary, wakafa watu 583. Ukungu ulikuwa mzito na redio ziliingiliana, lakini miongoni mwa yaliyochunguzwa ni maneno machache ya Kiingereza aliyoyatamka rubani msaidizi wa ndege ya Kiholanzi, ambayo mnara wa Kihispania haukuyaelewa kuwa ndege imeanza kuruka. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Kolombia iliishiwa mafuta karibu na New York, wakafa watu 73. Marubani walikuwa wamesema redioni kwamba mafuta yanakwisha, ila hawakulitamka neno rasmi la kutangaza hali ya dharura. Mwaka 2003 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, liliweka ngazi sita za ujuzi wa lugha, na rubani wa safari za kimataifa pamoja na mwongoza ndege wanatakiwa wafike angalau ngazi ya 4. Ngazi hizo hazimpimi mtu kwa wingi wa maneno magumu. Humpima kama anaeleweka, na kama ajua kuuliza tena asipoelewa.

Hilo la kuuliza tena ni gumu katika jeshi. Askari amezoeshwa kuitikia "ndiyo afande" kabla hajatafakari alichoambiwa. Mwalimu wa Kiingereza hana budi kumzoeza kusema, kwa adabu na bila hofu, kwamba hakusikia na anaomba kurudiwa. Ni somo la kwanza, na twaona ajabu kwamba katika vitabu vingi huwekwa mwishoni au halimo kabisa.

Sasa mbinu. Chukua darasa la watu 40 na kipindi cha dakika 40. Mwalimu akimsimamisha mmoja mmoja ajibu, kila askari amepata dakika moja ya kusema, na dakika 39 za kumtazama mwenzake akitokwa jasho. Akiwapanga wawili wawili, kila mmoja aweza kupata hata dakika 20. Kelele zitakuwapo, zivumiliwe. Askari wawili wakae wakigeuziana migongo, kila mmoja na ramani yake. Ramani ya kwanza ina njia iliyotegwa mabomu ya ardhini, ya pili haina. Wa kwanza amweleze mwenziwe kwa Kiingereza pa kupita, kisha walinganishe mistari waliyochora. Mwalimu hana haja ya kutoa maksi, kwa sababu ramani yenyewe itaonyesha nani amefika na nani amelipuliwa. Kwa polisi, zoezi liwe kizuizi cha barabarani au kupokea maelezo ya shahidi asiyejua Kiswahili.

Jambo hili si geni kwetu. Tunapofundisha bunduki tunaeleza, tunaonyesha, tunamwacha kuruta aige, kisha tunampa muda wa kuzoea mpaka mikono ifanye kazi gizani. Hakuna aliyewahi kujua kufungua bunduki kwa kunakili majina ya sehemu zake daftarini. Mwalimu wa Kiingereza wa kambini amekaa katikati ya hazina ya mbinu hizo, akaiacha na kurudia yale aliyotendewa na mwalimu wake wa shule ya msingi, fimbo na yote.

Tatizo jingine ni vyeo. Kapteni na praiveti wakiwekwa dawati moja, kapteni hatafungua kinywa asije akakosea mbele ya mtu wake, na praiveti hatathubutu kumzidi. Koplo anayefundisha naye huona taabu kumsahihisha meja. Kuwatenga kwa vyeo kunasaidia. Na pale watu ni wachache, kiongozi wa kikosi atangaze mwenyewe kwamba ndani ya chumba kile mwalimu ndiye mkubwa.

Lakini nani amfundishe huyo koplo? Kozi iitwayo CELTA, ambayo chimbuko lake ni mafunzo yaliyoanzishwa na John Haycraft mjini London mwaka 1962, huchukua saa zisizopungua 120, na ndani yake mwanafunzi hufundisha darasa la watu halisi kwa saa sita huku akitazamwa na wakufunzi na wenzake. Ada yake si ndogo na si kila kikosi kitaimudu. Kiini chake, hata hivyo, hakihitaji fedha: ni kufundisha huku unatazamwa, kisha kuambiwa ukweli. Sajini mmoja akae nyuma ya darasa la mwenzake na daftari, ahesabu ni askari wangapi waliosema, mwalimu mwenyewe alisema kwa muda gani, na kosa lipi lilirudiwa bila kurekebishwa. Jioni wakae wawili wayapitie, kama doria inavyopitiwa ikisharudi. Juma linalofuata wabadilishane.

Twaomba kwa makamanda mambo mawili tu. La kwanza, alasiri moja kila juma walimu wa lugha wa brigedi na wa vituo vya polisi vya jirani wakutane wafanye kazi hiyo, wasipangiwe zamu ya lindo saa hizo. La pili, ujuzi huo uandikwe katika faili la utumishi la askari kama unavyoandikwa udereva au ufundi wa mitambo ya redio, ili anapohamishwa, kituo aendako kijue ni mwalimu amefika.