Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini: Tuambieni Kilichowaua

Kwa Mkurugenzi,
Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Rongo. Msafiri huujua mji wetu kwa malori yanayotoka Kisii kwenda Awendo, Migori na Isebania, na kwa njia panda ya Homa Bay. Mashimo ya dhahabu ya Kitere yeye hayaoni. Huko, kama ilivyo Macalder na kwingineko Nyatike, vijana huteremka ardhini kwa kamba, na wanawake hubaki juu wakiponda mawe na kuosha unga wake kwa zebaki.

Mtu akifia shimoni, mambo huenda mbio. Polisi wanafika, mwili unapelekwa mochari, wanasiasa wanatoa rambirambi, shimo linafungwa. Mazishi yakipita, kazi inaanza upya. Sisi tunaambiwa tu kwamba marehemu alikosa hewa. Hilo si jibu, Mheshimiwa. Kwa nini aliikosa? Pampu ya petroli ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ya shimo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulegea kabla hajatambua kuwa yuko hatarini. Baruti nayo huacha moshi wa sumu unaotuama chini pasipo na upepo. Ya kwanza huzuiwa kwa kuiweka injini juu, mbali na mdomo wa shimo. Ya pili inataka watu wangoje, na hewa safi isukumwe chini kabla mtu hajateremka. Tusipojua ni ipi iliyoua, anayeshuka kesho hana kinga. Tena wanaokimbilia kumwokoa mwenzao huvuta gesi ileile, na msiba wa mmoja ukawa wa watatu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aijulishe ofisi yako ndani ya saa 24 mtu anapofia kazini, kisha aandike taarifa ndani ya siku saba. Kwenye shimo la dhahabu, mwajiri ni nani? Mwenye shamba atasema alikodisha ardhi tu. Mwenye shimo atasema vijana ni washirika wake, wanagawana mawe. Anayegharamia mafuta na chakula huenda hata hajulikani na wanaochimba. Lakini sheria hiyohiyo inamtaja pia anayejiajiri, kwa hiyo Kurugenzi haiwezi kusema machimbo haya hayako chini yake. Chifu na mzee wa kijiji hupata habari mapema. Wapeni wajibu na namba ya simu ya kuwaarifu.

Ipo pia ajali isiyopigiwa kamsa. Donge la dhahabu na zebaki huchomwa motoni, pengine kwenye jiko la kupikia, na mvuke wake huvutwa na mama pamoja na mtoto aliye mgongoni. Huharibu ubongo na figo polepole, na hakuna siku moja ya kuandikwa kwenye fomu kuwa ndiyo siku ya ajali. Mchanga unaobaki ukipelekwa kuoshwa kwa sayanidi kabla zebaki haijaondolewa, zebaki hiyo huyeyuka na kusafiri kwa wepesi zaidi, na mito yetu humwaga maji yake Ziwa Victoria, tunakovua samaki. Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2023. Jina hilo linatoka Japani, ambako ugonjwa wa Minamata ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto wakaitaja zebaki mwaka 1959, na serikali ikakiri chanzo chake mwaka 1968. Miaka yote hiyo watu waliendelea kula samaki wenye sumu hiyo.

Hapa kwetu, sumu ya risasi ya Owino Uhuru, Mombasa, ilifichuliwa na mama aliyetaka kujua mwanawe anaugua nini. Na gesi ilipolipuka Embakasi mwezi Februari 2024, maswali yaliwafikia hadi maofisa wa mamlaka ya mazingira, NEMA, waliohusika na leseni, wakasimamishwa kazi. Kwa hiyo kuchimbua chanzo kunawezekana katika nchi hii. Ninachoomba ni kwamba kusingoje moto uonekane jijini.

Ndege ndogo ikianguka, wachunguzi wa ajali za ndege huja kutafuta sababu, na ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30. Lengo lao si kumfunga mtu, ni kuwakinga watakaoruka baadaye. Nataka moyo huohuo uletwe Kitere. Mchimbaji anayeogopa pingu atauficha ukweli, nao ndio mnaouhitaji. Kesi za uzembe zina polisi na mahakama zake.

Mkaguzi wako aje na kipima gesi kabla shimo halijafukiwa. Wanawake wanaochoma dhahabu wapimwe zebaki kwenye mkojo, na kila mmoja apewe majibu yake. Ripoti isomwe kwenye baraza la chifu, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, na shimo lisifunguliwe tena mpaka isomwe.

Wako,
Mkazi wa Rongo, Kaunti ya Migori